Nzuri ya Mzee Lubasi

Usiku wa jana niliota niko kazini saa nne asubuhi, na kiti changu kimekataa nikikalie.

"Leo kaa sakafuni," kiti kiliniambia.

"Kwa kosa gani?"

"Kaa kwanza. Kosa linakuja."

Nikakaa sakafuni. Saruji ilikuwa ya baridi. Wenzangu hawakuwepo, na viti vyao ndivyo vilivyokuwa vinapokea simu. "Habari yako? Nzuri? Haya, siku njema." Kimoja kinamaliza, cha pili kinaanza. Vilikuwa vinafanya kazi vizuri kuliko sisi, nisiwe mwongo.

Nieleze kazi yenyewe. Naitwa Sikudhani Mkomwa. Ofisi yetu iko Morogoro mjini, ghorofani, juu ya duka la magodoro, na inaitwa Kengele ya Wazee. Mzee anayeishi peke yake tunamvalisha kitufe shingoni na kumfungia kisanduku cha simu ukutani. Akianguka au akizidiwa, anabonyeza. Kisanduku kinatupigia, na sauti yangu inasikika nyumba nzima hata kama yeye hawezi kunyanyua kitu. Nikiona ana shida naita gari la wagonjwa lililo karibu naye. Nina miaka sita kwenye kazi hii na sijawahi kupewa barua ya onyo. Hayo nayasema ili ieleweke kwamba ndoto hii haikunitendea haki.

Fomu Namba Tatu ilitokea upande wa makabati. Ndiyo fomu tunayoijaza kila simu inapoingia. Siku zote ni karatasi moja tu, lakini safari hii ilikuwa na urefu wa mtu mzima, na ilikuwa imechomeka kalamu sikioni ingawa masikio haina.

"Sikudhani," ilisema. "Leo tunakagua nzuri."

"Nzuri zipi?"

"Zako."

Swali la kwanza la Fomu Namba Tatu ni hili: Habari yako? Mteja akijibu nzuri, au salama, au njema, unaweka alama ya vema kwenye fomu na kufunga simu. Liliwekwa kwa sababu wazee wetu wanabonyeza mno bila kujua. Wanakilalia kile kitufe, wanakisugua wakioga, wajukuu wakija wanakichezea. Bila swali hilo gari la wagonjwa lingeshinda barabarani kwa kazi bure. Mimi ndiye mwepesi kuliko wote wa kulimaliza, na mwezi uliopita nilisifiwa mbele ya watu.

Fomu ikanipeleka stoo. Ninaona trei za mayai, zimepangwa toka chini hadi darini. Ila si mayai. Ni zile nzuri zote nilizowahi kuambiwa. Ukiitazama nzuri haraka utadhani ni yai la kuku wa kienyeji, isipokuwa haina joto, na ubavuni imeandikwa kwa penseli jina la aliyeitoa, siku, na sekunde.

Fomu ilisimama dirishani, ikaanza kuzinyanyua juani moja moja, vile mama zetu wanavyofanya wakinunua mayai gengeni.

"Hii nzima," ilisema. "Hii nzima. Hii nzima, bibi huyu kweli alikuwa anaoga. Hii nzima."

Nikaanza kutulia. Hata kiuno kiliacha kuniuma.

"Hii viza."

"Ya nani?"

"Anselmi Lubasi, Kilosa. Jana mchana. Sekunde kumi na moja."

Nilimkumbuka. Nilimkumbuka sawasawa, maana jana hiyo kweli alibonyeza, na hilo halikuwa la ndotoni. Nilisema, "Shikamoo mzee, habari yako?" Akasema, "Marahaba. Nzuri, binti. Samahani kwa usumbufu." Nikasema, "Bila samahani, mzee, siku njema." Nikafunga. Sekunde kumi na moja, shikamoo ikiwa ndani yake. Kisha nikaenda kuchukua chai.

"Haiwezekani ikawa viza," nilisema. "Alinijibu kwa mdomo wake."

"Alikujibu akiwa amelala chini."

"Kwa nini hakusema?"

"Hukumuuliza."

"Nilimuuliza habari yake!"

"Hukumuuliza. Ulimsalimia."

"Sasa si swali lako hilo? Si wewe ndiye umeliandika?"

"Mimi ni karatasi," Fomu ilisema.

Jambo lenyewe nalijua vizuri. Kwetu sisi mtu anaweza kuwa na maiti ndani, ukampigia simu ukamwambia habari za asubuhi, akakwambia nzuri. Baada ya hapo ndipo atasema kwamba kuna msiba. Siku mama yangu alipofariki, shangazi alipiga akaniuliza habari za hapo, nikasema nzuri, shangazi, ila mama ametutoka. Nzuri inatangulia, habari inafuata. Ukikata simu kwenye nzuri, umekata kabla mtu hajasema chochote. Hilo kila mtu analijua, na mimi nimelijua tangu utotoni, na kwa miaka sita nimekuwa nikikata kwenye nzuri.

"Inaweza kurekebishwa?" niliuliza.

"Aibadilishe mwenyewe. Akupe jibu la kweli kwa mdomo wake, uniletee. Na ufanye haraka, hii ina ufa."

"Ikipasuka?"

"Nafunga faili lake. Nikilifunga yeye hapumui tena."

Ikaniwekea ile nzuri kiganjani. Ilikuwa nzito kuliko nilivyotegemea. Niliogopa. Mtu ambaye sijawahi kumwona hata sura alikuwa mkononi mwangu, na mkono wangu ulikuwa unatokwa na jasho.

Ninarudi mezani mbio. Ninavaa hedifoni. Inapiga chafya.

"Afya," ninaiambia.

"Usinijali," inasema. "Kule chini kwake kuna vumbi."

Ninapiga. Kisanduku cha ukutani kwa mzee kinafunguka chenyewe, kama kinavyofanya siku zote namba yetu ikiita, na ninasikia nyumba: saa ya ukutani, jogoo mbali, mtu anahema.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za tangu jana?"

"Nzuri."

Kwenye hedifoni kukachomoza kitu cheupe, kikadondoka mezani, kikaviringika mpaka kwenye stepla. Nikakinyanyua juani. Viza.

"Habari za hapo nyumbani?"

"Nzuri tu."

Ya pili.

"Za kiuno?"

"Nzuri."

"Za sakafuni?"

"Nzuri, nashukuru. Pana ubaridi kidogo, lakini nzuri."

Meza ilianza kujaa. Nilizikinga kwa kiwiko zisianguke, na ile ya kwanza nimeishika mkono wa kushoto, na hasira zilinipanda. Mimi ni mtu wa hasira, hilo halifichiki.

"Mzee," nilisema kwa ukali, "umeanguka?"

"Nani, mimi?"

"Wewe."

"Aa, nimejinyoosha tu, binti. Nyinyi endeleeni na kazi. Kuna watu wagonjwa kweli huko."

"Umejinyoosha tangu jana?"

"Ndiyo. Nilikuwa nimechoka kidogo." Akahema mara mbili. "Na wewe hapo kwako, wazima wote?"

"Wazima kabisa, mzee. Tunamshukuru Mungu."

Kitu kikanipanda kooni. Nilifungua mdomo, kikatoka, kikatua juu ya daftari langu. Nzuri. Ubavuni imeandikwa Sikudhani Mkomwa. Sikuhitaji kuipeleka juani, ilikuwa nyeusi mpaka kwa nje. Kwangu hakuna wote. Tangu mama afariki mwezi wa tatu naishi mwenyewe, na jioni nikirudi naijibu redio. Watu wananiuliza kila siku, nami nawaambia wazima kabisa. Ninaona uchungu hata kuliandika hili.

Mzee alikuwa bado kwenye simu. "Vizuri," alisema. "Vizuri sana. Wasalimie."

Nilitazama mkono wangu wa kushoto. Ufa ulikuwa umefika katikati.

Nikavua hedifoni, nikafungua mlango wa ofisi ili nishuke ngazi. Ngazi hazipo. Ninatokea moja kwa moja kwenye baraza ya nyumba ya mzee Lubasi huko Kilosa, safari ambayo kwa basi ni nusu siku ukijumlisha kusubiri. Jua kali. Uani kuna kamba ya nguo yenye shati moja.

Gari la wagonjwa limekaa barazani juu ya mkeka, limekunja magurudumu ya nyuma, limejipangusa miguu.

"Nani amekuita?" nililiuliza.

"Hakuna. Nilihisi tu."

"Tangu lini uko hapa?"

"Jana mchana."

"Sasa mbona umekaa?"

"Nimepiga hodi, sijakaribishwa."

"Umepiga hodi ngapi?"

"Tatu. Ya nne ni utovu wa adabu." Lilizungusha taa yake ya juu polepole, bila sauti. "Sisi si wezi, dada. Hatuingii nyumba ya mtu mzima hivihivi."

"Yumo ndani amelala chini!"

"Najua. Nilimsikia akisema nisubiri kidogo, anajiweka sawa."

"Anajiweka sawa tangu jana mchana?"

"Anatafuta shati," gari lilisema.

Sote wawili tuliitazama ile kamba ya nguo. Shati lilikuwa limekauka zamani.

Nikaenda mlangoni mwenyewe. Nilipiga hodi kwa vidole, maana mkono mwingine ulikuwa na kazi. Mlango ulikuwa wa mninga, wa kizamani, wenye sauti ya heshima.

"Mwenye nyumba anaomba radhi," mlango ulisema. "Hawezi kumkaribisha mtu kwa hali aliyonayo. Hajavaa akatimia. Chai hakuna. Na kiti cha wageni amekiangukia yeye mwenyewe, mguu umevunjika."

"Mguu wa nani?"

"Wa kiti. Wa kwake sijatumwa kuusema."

"Mwambie sitaki chai. Wala kiti. Mwambie nitasimama."

Mlango ulisikiliza upande wa ndani, ukarudi.

"Amesema haiwezekani."

Nilimsikia akikohoa. Sauti ilitokea chini kabisa, karibu na kizingiti, na nikaelewa kwamba mzee yule alikuwa amejivuta sakafu nzima ili aje kuniambia kupitia mlangoni kwamba nisiingie. Nilimwonea huruma na nikamkasirikia kwa wakati mmoja. Niliuegemeza uso wangu kwenye ule ubao, nikamwambia kwamba mama yangu naye alikuwa hivyo hivyo. Alikaa na maumivu ya tumbo wiki tatu kwa sababu hakutaka nikose kazini. Hakunijibu. Labda aliona si vizuri kuzungumza na mgeni ambaye hajakaribishwa.

Nikazunguka nyuma ya nyumba kutafuta dirisha. Ninakata kona, na nyuma ya nyumba hakuna. Kuna stesheni ya treni.

Ni stesheni ndogo, ya mabati mekundu, yenye benchi moja, mizani ya mizigo na kengele ya shaba. Reli inatoka kulia na kwenda kushoto. Mbele yangu imesimama nguzo ya ishara, ile yenye mkono wa chuma unaopanda na kushuka kuiambia treni ipite au isimame. Mkono wake ulikuwa umenyooka, na ulikuwa unatetemeka kwa kuchoka.

"Unamtafuta stesheni masta?" nguzo iliniuliza.

"Namtafuta mzee Lubasi."

"Ndiye huyo."

"Kwenye kadi yake ya mteja imeandikwa mstaafu tu."

"Mstaafu wa nini?"

"Haikuandikwa."

"Hukuuliza."

"Leo watu wote mnaniambia sikuuliza."

"Mimi si mtu," nguzo ilisema. "Mimi nimefanya naye kazi miaka thelathini na miwili. Mkono huu ulipanda na kushuka kwa neno lake. Sasa umebaki juu na hakuna wa kuushusha."

Nikaionyesha ile nzuri. Ufa ulikuwa umezunguka pande zote na umebakiza kama upana wa ukucha. Nikaieleza kila kitu, toka sekunde kumi na moja mpaka kamba ya nguo. Ilinisikiliza bila kunikatiza, kwa sababu nguzo za ishara zimezoea kusubiri.

"Unamuuliza vibaya," ilisema. "Wewe unamuuliza habari. Kwenye reli hatuulizani habari. Stesheni ya upande wa pili ikiwa na treni ya kuleta, inapiga simu. Haisalimii. Inauliza kitu kimoja: njia iko wazi? Na stesheni masta haruhusiwi kujibu papo hapo. Anaweka simu pembeni, anatoka nje, anaangalia reli kwa macho yake, kulia na kushoto, ndipo anarudi kujibu."

"Na akijibu kwa adabu tu?"

"Watu wanakufa."

"Kwa hiyo nikimuuliza hivyo atasema kweli?"

"Swali hilo hawezi kulidanganya. Hakulidanganya hata siku moja. Mkewe alijifungua mtoto ambaye hakulia, mle mle kwenye nyumba ya stesheni, na simu ikaita mtoto akiwa bado hajafunikwa. Akaulizwa njia iko wazi? Akatoka nje, akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akarudi akasema iko wazi. Na kweli ilikuwa wazi. Treni ilipita. Baadaye watu wa upande wa pili wakampigia kumwambia habari za jioni, akawaambia nzuri."

Nilimwona pale, anaangalia kulia na kushoto.

"Simu iko ukutani," nguzo ilisema. "Fanya haraka. Kuna treni inakuja."

Nikaiona. Simu nyeusi ya kuzungusha mkono, imefungwa ukutani kando ya dirisha la tiketi. Ninakimbia. Ninazungusha. Reli imeanza kuvuma kwa mbali. Ninasikia simu ikinyanyuliwa.

"Stesheni," sauti yake inasema. Haikuwa sauti ya mgonjwa. Ilikuwa sauti ya mtu aliyevaa kofia.

Nikafungua mdomo niulize.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba."

Hilo sikulitaka. Swali lilikuwa limefika kwenye meno kabisa. Lakini mbele yake kulikuwa na foleni. Shikamoo ilikuwa ya kwanza, na nyuma ya shikamoo ilisimama habari za asubuhi, na za nyumbani, na za watoto, na za mvua, na za mashamba, zote zimejipanga kinywani mwangu kwa utulivu, na hakuna hata moja iliyokubali kurukwa. Nilijaribu kuzisukuma kwa ulimi. Habari za asubuhi ikaniambia, "Dada, hapa tuna utaratibu." Mama yangu ndiye aliyezipanga. Alinifundisha nikiwa mdogo kwamba mtu mzima hulianzii jambo hujamsalimia, na nilipokosea alinizaba kofi.

"Habari za asubuhi?" nilisema huku nalia.

"Nzuri."

Ikadondoka jukwaani.

"Za nyumbani?"

"Nzuri."

"Za watoto?"

"Nzuri. Hawapo, lakini nzuri."

"Mvua zimenyesha huko?"

"Zimenyesha. Nzuri."

Zinadondoka moja moja na kuviringika mpaka relini. Treni inaonekana sasa, nukta nyeusi upande wa kulia. Ninasema harakaharaka, ninameza nusu ya maneno, yeye anajibu yote kamili bila kuharakisha, kama anavyotakiwa kufanya mtu aliyelelewa vizuri. Za mashamba. Za jirani. Za afya. Kwenye za afya alikohoa kwanza, kisha akasema nzuri.

Foleni ikaisha. Likabaki swali peke yake. Nikavuta pumzi.

Kiganja changu kikafanya *tak*.

Nilitazama. Ilikuwa imepasuka vipande viwili. Ndani hakukuwa na kiini wala kifaranga. Kulikuwa na hewa tu, ile hewa ya chumba kilichofungwa tangu jana, na ikatoka ikaisha. Treni ilipita bila kusimama. Fomu Namba Tatu ilikuwa imesimama jukwaani, imevaa kofia ya mkaguzi wa tiketi, na faili chini ya kwapa.

"Nilikuwa namuuliza," niliiambia. "Nilikuwa karibu kabisa."

"Ulikuwa unamsalimia," ilisema. Ikapiga muhuri.

Nikaamka.

Ilikuwa saa moja kasorobo asubuhi na jua lilishaingia dirishani. Nilitazama kiganja changu. Kilikuwa kikavu, hakina kitu. Uso ndio uliokuwa na maji, na shingo, na mto. Nilijiambia ni uchovu. Nilijiambia pia kwamba usiku nilikula maharage, na maharage hunisumbua.

Mwisho wa wiki simu ya zamu inalala kwa mmoja wetu, na wiki hii ilikuwa kwangu, juu ya stuli. Niliichukua nikaangalia. Hakuna aliyebonyeza usiku kucha. Nikatafuta kadi yake humo humo kwenye simu. Lubasi, Anselmi. Miaka themanini na moja. Kilosa. Anaishi peke yake. Mstaafu. Niliisoma mara tatu mpaka chini. Hakuna neno reli, hakuna stesheni, hakuna treni. Mimi mwenyewe treni sijawahi kuipanda na mambo yake siyajui.

Nilikaa kitandani na ile simu mkononi kwa muda ambao sasa ninauonea aibu. Niliona nitamwamsha mzee wa watu asubuhi yote hii kwa ajili ya ndoto. Nitamwambia nini? Kisha nikapiga.

Kisanduku chake kilifunguka. Nilisikia saa ya ukutani. Kwa mbali nikasikia pumzi, halafu sauti kavu ikaanza, "Halo, binti, habari za..."

Sikumwacha amalize. Sikumpa shikamoo. Nilikaza macho kwenye ukuta ambako picha ya mama imetundikwa, nikaliachia lile swali likatoka peke yake.

"Stesheni. Njia iko wazi?"

Nilihesabu tiki za ile saa mpaka nikapoteza hesabu. Nikasikia kitu kikijiburuta juu ya saruji, kidogo, upande mmoja. Kikaacha. Kikajiburuta kidogo upande wa pili. Kisha akarudi, na ilikuwa sauti nyingine kabisa, nzito, ya kazini.

"Hapana," alisema. "Haiko wazi."

"Imezibwa na nini?"

"Na mimi."

"Tangu lini, mzee?"

"Tangu jana," alisema. "Kabla hujanisalimia."